Kamba ya mpwa wangu ilivyonifundisha kamera

Nilianza kuilaumu kamera siku niliyomrekodi mpwa wangu akiruka kamba. Nje jua lilikuwa kali, picha safi, rangi nzuri. Nilipoifungua video kwenye kompyuta, kamba haikuzunguka: ilikuwa ikitokea juu, mara iko ubavuni, mara chini ya miguu, kama fimbo kadhaa zinazopokezana zamu. Juu ya hayo, kingo za mikono yake zilikuwa na meno kama ya kitana. Nikasema basi, hii ya bei nafuu imeshindwa na mwendo, nitafute nyingine.

Kumbe yalikuwa makosa mawili yaliyovaa kanzu moja.

Meno ndiyo yaliyokuwa rahisi. Kamera ilikuwa inarekodi kwa mtindo wa 50i, yaani kila fremu (picha moja ya video) imeunganishwa kwa nusu-picha mbili, mistari ya witiri na ya shufwa, zilizopigwa kwa kupishana 1/50 ya sekunde. Mtu akisimama tuli nusu hizo zinalingana. Akisogea, haziko mahali pamoja tena. Nilihamia 50p, ambayo hupiga picha nzima 50 kwa sekunde, na meno yakaisha. Faida nyingine: kamba ikizunguka mara 2 kwa sekunde, kila mzunguko sasa unapata picha 25, si 12 na kitu.

Lakini fimbo zilibaki. Hapo ndipo nilipoteza jioni mbili nikibadilisha kila kitufe, hata visivyohusika. Jibu nililipata nilipoichezesha video ndani ya kamera yenyewe huku taarifa zake zikionekana kwenye skrini: shata 1/800, yaani kila picha ilipokea mwanga kwa 1/800 ya sekunde tu. Kwa kuwa niliiacha kwenye otomatiki, kamera ilipambana na jua kwa kufupisha muda wa shata. Fremu moja ya 50p ina milisekunde 20. Shata ilikuwa wazi kwa milisekunde 1 na robo tu. Muda wote uliobaki kamba ilisafiri bila kuonekana, ndiyo maana jicho liliona kuruka badala ya kuzunguka.

Nilifunga mbele ya lenzi kichujio cheusi kinachopitisha sehemu 1 tu kati ya 8 za mwanga, kisha nikaiweka shata mwenyewe kwenye 1/100. Kamba ikaacha mkia mwepesi nyuma yake, na mzunguko ukaonekana mzunguko. Kioo kidogo namna hiyo kunitoa katika wazo la kununua kamera nzima, bado nacheka.

Yako mambo ambayo kichujio hakigusi. Nikigeuza kamera upesi kumfuata anapokimbia, nguzo zilizo nyuma yake huinama, kwa sababu sensa, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu, na nguzo inakuwa imeshahama kabla mstari wa chini haujasomwa. Dawa yake sijaipata zaidi ya kugeuza taratibu. Majani nayo yalikuwa yakivunjika vipande vya mraba. Hayo yalipungua nilipopandisha ubora wa kurekodi hadi megabiti 28 kwa sekunde. Na kamera ikiwa kwenye stendi yake ya miguu mitatu nazima kitulizaji cha mtikisiko, maana ukigeuza kamera chenyewe huvutana nawe, kisha mwishoni picha inateleza peke yake.

Nilimwonyesha mpwa wangu video mpya kwa majivuno yote. Akaitazama, akasimamisha pale alipokwama.

"Mjomba, mbona hapa kamba ni ukungu? Nataka kuona imegusa mguu gani."

Alikuwa na haki. Shata ile ile ya 1/100 inayolainisha mwendo ndiyo inayochafua picha ikisimamishwa. Nikavua kichujio, nikairudisha shata kwenye 1/800, akaruka tena mpaka akakwama. Safari hii ilionekana wazi: kidole gumba cha kushoto.