Wi-Fi Ipo, Kurasa Hazifunguki: Nilivyotatua Tatizo la DNS Kwenye Kompyuta Yangu

Jioni moja nilifungua kompyuta ili nitume kazi niliyokuwa nimeikamilisha, na hakuna ukurasa hata mmoja uliokubali kufunguka. Kompyuta ilionyesha kwamba imeunganishwa na Wi-Fi kwa nguvu kamili, na simu iliyokuwa mezani, ikitumia ruta ileile, ilipokea ujumbe na kufungua kurasa kama kawaida. Nilizima ruta na kuiwasha mara mbili, nikaiwasha upya kompyuta mara tatu, na karibu saa nzima ikapotea. Muda wote huo kivinjari kilikuwa kinaniandikia maneno ambayo niliyapita bila kuyasoma: ERR_NAME_NOT_RESOLVED, yaani jina la tovuti halikupatiwa anwani. Kilikuwa kinalalamikia jina, wala hakikuwa kimesema neno lolote kuhusu njia.

Tofauti hiyo ndiyo iliyonitoa gizani. Kompyuta hazitafutani kwa majina bali kwa namba, na kazi ya DNS ni kulipokea jina tunaloliandika na kulirudishia namba yake; kwa hiyo njia inaweza kuwa nzima kabisa huku majina yamekwama. Niliamua kuvipima viwili hivyo kimoja kimoja. Nilifungua dirisha la amri la Windows na kutumia ping, amri inayoituma anwani ujumbe mdogo na kungoja ijibu. Nikaandika ping 192.168.1.1, ambayo ndiyo anwani ya ruta yangu, na majibu yakarudi papo hapo. Nikaandika ping 8.8.8.8, seva ya Google iliyo mbali na nyumbani, nayo ikajibu mara zote nne. Hapo nilijua kwamba waya, redio ya Wi-Fi, ruta na mtoa huduma wote, kwa upande wa njia, hawana hatia. Nilipoandika ping wikipedia.org, kompyuta ikajibu kwamba haikumpata mwenye jina hilo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kujua kompyuta inamuuliza nani. Amri ya ipconfig /all hutoa maandishi mengi, nami niliyashuka mstari kwa mstari hadi kwenye seva za DNS. Nilitarajia kuona 192.168.1.1, kwa sababu kwa kawaida ruta ndiyo inayozigawia kompyuta anwani na kuziambia zimuulize nani. Badala yake palikuwa na 127.0.0.1. Namba hiyo humaanisha kompyuta yenyewe: kila nilipoandika jina la tovuti, mashine yangu ilikuwa inajiuliza yenyewe swali ambalo hapakuwa tena na wa kulijibu ndani yake.

Nilikumbuka mara moja. Siku chache kabla nilikuwa nimeondoa programu ya kuzuia matangazo, ambayo hufanya kazi kwa kujiweka kama seva ya DNS ndani ya kompyuta na kuyachuja majina kabla hayajatoka. Programu iliondoka, lakini mpangilio wake ukabaki umeandikwa kwenye kadi ya mtandao. Hii ndiyo sababu kuzima na kuwasha hakukusaidia hata kidogo, kwani mpangilio uliowekwa kwa mkono hausafishwi na kuwasha upya. Nilifungua ncpa.cpl, yaani dirisha la miunganisho ya mtandao, nikaingia kwenye sifa za Wi-Fi, nikachagua anwani ya DNS ipatikane yenyewe, kisha nikafanya vivyo hivyo upande wa IPv6, mfumo mpya zaidi wa anwani za mtandao, ambako nilikuta ::1, ndugu yake 127.0.0.1. Sehemu ya IPv6 husahauliwa na wengi, na ikiachwa hivyo huleta usumbufu wa kupata na kukosa ambao ni mgumu sana kuufuatilia. Nilimalizia kwa ipconfig /flushdns ili kufuta majibu ya zamani yaliyohifadhiwa, na kurasa zikafunguka.

Kwa tahadhari nililichungulia pia faili la hosts, orodha ya majina na anwani zake iliyo ndani ya kompyuta, lililoko C:\Windows\System32\drivers\etc. Kabla ya Paul Mockapetris kubuni DNS mwaka 1983, majina yote ya mtandao yalitunzwa katika faili moja la aina hiyo, na hadi leo kompyuta hulitazama kabla ya kumuuliza mwingine. Mstari mmoja uliosahaulika humo unaweza kumfungia mtu tovuti moja tu huku nyingine zote zikifunguka. Langu lilikuwa safi.

Kazi ilikwenda, lakini sikuridhika. Kila tovuti niliyoifungua kwa mara ya kwanza ilisitasita kwa sekunde kadhaa, kisha kurasa zake nyingine zikaja haraka. Simu nayo ilikuwa na tabia hiyohiyo, ila nilikuwa nimeizoea na kuiita mtandao wa taratibu. Mtandao wa taratibu huchelewesha kila kitu, picha na video pia. Unaochelewa mwanzoni tu unaashiria kwamba jina linatafutwa kwa taabu. Nilitumia nslookup, amri inayoiuliza seva ya DNS unayoitaja anwani ya jina fulani. Niliandika nslookup wikipedia.org 192.168.1.1, na ruta ikanyamaza hadi muda wa kungoja, ambao ni sekunde 2, ukaisha kabla jibu halijaja. Nilipoandika nslookup wikipedia.org 1.1.1.1, nikiielekeza amri moja kwa moja kwa seva ya umma ya Cloudflare, jibu lilikuja kabla sijaondoa kidole kwenye kibodi.

Niliingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta na kukuta anwani mbili za DNS zilizotolewa na mtoa huduma wangu. Nilizinakili kwenye karatasi, kisha nikaziuliza moja moja kwa nslookup. Ya pili ilijibu vizuri. Ya kwanza haikujibu kabisa, na kwa kuwa ruta ilianza nayo kila mara, kila jina jipya lililipa gharama ya kuisubiri. Niliweka 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kwenye ruta, na kusitasita kukakoma kwenye vifaa vyote vya nyumbani kwa pamoja, bila kugusa kifaa kimoja kimoja.

Namsihi anayetaka kufanya hivyo alielewe jambo hili vizuri: seva ya DNS ya umma haiongezi kasi ya kupakua faili, kwa sababu faili halipiti kwake, na anayejibu maswali yako ya majina huyaona majina yote unayoyauliza. Kuichagua ni kuchagua wa kumwamini.

Nilimwandikia mtoa huduma, nikamwekea matokeo ya nslookup kwa seva zote mbili pamoja na saa nilizopima. Siku mbili baadaye nilipojaribu tena, ile ya kwanza ilijibu. Nilizipima zote kwa ping: ya mtoa huduma ilirudi kwa milisekunde 6, wakati zile za umma zilizo mbali zilirudi kwa takriban 40. Nikachukua ile karatasi, nikarudisha anwani za awali kwenye ruta, na hizo ndizo ninazotumia mpaka sasa.