Valvu za moyo hufunguliwa na damu yenyewe

Moyo wa binadamu una valvu nne, na linalonistaajabisha zaidi ni kwamba hakuna hata moja inayofunguka kwa nguvu zake. Kila valvu ni vipande vyembamba vya tishu vinavyofuata shinikizo la damu: likizidi nyuma yake hufunguka, likizidi mbele yake hujifunga. Kwa njia hiyo damu hulazimika kwenda upande mmoja tu, takriban mara 100,000 kwa siku.

Ya kutazamwa kwa makini ni valvu ya mitrali, iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto, ambayo ina vipande viwili wakati zile nyingine zina vitatu vitatu. Kingo zake zimefungwa kwa nyuzi ngumu zinazoshuka hadi kwenye misuli midogo ya ukuta wa moyo. Wengi hudhani kwamba nyuzi hizo ndizo zinazoivuta valvu ifunge, kumbe kazi yake ni kuizuia isipinduke. Chumba cha chini kinapobana, shinikizo hupanda hadi kiasi cha milimita 120 za zebaki, vipande hutuna kama tanga lililojaa upepo, nazo nyuzi huvishikilia kama demani, ile kamba inayozuia tanga. Misuli ile hubana wakati huohuo, kwa kuwa chumba kinaponywea nyuzi zingelegea. Uzi mkubwa ukikatika, damu hurudi nyuma kuelekea kwenye mapafu na mgonjwa huishiwa pumzi.

Mpwa wangu alipofanyiwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, nilivionyeshwa vipande hivyo kwenye skrini: mistari miwili myeupe iliyopaswa kuachana upesi, lakini ncha zake zilikuwa nene na zilisogea kwa shida. Chanzo chake kilikuwa homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata maambukizi ya koo ya bakteria aina ya streptokoka yasipotibiwa. Kinga ya mwili, katika kupambana na bakteria hao, hushambulia pia valvu, na makovu huzikakamaza hata kingo zikashikana. Inauma kwamba ugonjwa mzito hivi huanzia kwenye koo la mtoto, mahali ambapo penisilini ingeutosha.

Sasa mpwa wangu huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne. Sindano hiyo haiondoi kovu lililokwisha kuwapo. Huzuia homa isirudi na kuongeza jingine.