Megabaiti 512

Ripoti ya mwisho wa mwezi ilikuwa inakula dakika 11, na kila mwezi lawama zilinishukia mimi. Usiku mmoja nikaamua leo ni leo. Niliipitisha kwenye EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha hifadhidata inavyotekeleza swali hatua kwa hatua, nikasoma mstari kwa mstari mpaka nikamwona mchawi: PostgreSQL, programu yetu ya hifadhidata, ilikuwa inapanga data kwa kuimwaga kwenye diski, zaidi ya megabaiti 300, kwa kukosa nafasi kwenye memori. Kigezo cha work_mem, kinachoweka kikomo cha memori ya kupangia data, kilikuwa 4MB, vilevile kilivyokuja. Hakuna aliyewahi kukigusa.

Nikaandika 512MB. Tena si kwa ripoti ile tu, kwa seva nzima. Badiliko hilo halitaki hata kuzima seva, unaiambia isome upya mipangilio basi. Ripoti ikatoka kwa sekunde 40. Niliirudia mara tatu, si kwa kupima, kwa raha zangu tu, kisha nikalala usingizi wa pono.

Saa nne asubuhi simu zikaanza. Mfumo umekufa. Nikaingia, nikakuta umefufuka. Kidogo tu, ukafa tena. Kwenye logi ya kerneli (kumbukumbu za kiini cha mfumo endeshi) mambo yalikuwa wazi: Linux iliishiwa memori, ikaua mchakato mmoja wa postgres. Na mmoja akiuawa namna ile, PostgreSQL haiamini tena memori wanayochangia wote. Inakata miunganisho yote na kuanza kujirejesha. Yaani mmoja anakufa, wote wanatupwa nje.

Dada aliyenitangulia kazini akavuta kiti.

"Mdogo wangu, hiyo 512 ni ya nani?"

"Ya seva, dada."

"Ya seva wapi! Ni ya kila upangaji, kwa kila muunganisho. Na swali moja linaweza kupanga mara mbili, tatu."

Akachukua karatasi, akaandika 80, idadi ya miunganisho, mara 512. Jibu likafika gigabaiti 40 hivi hivi. Seva yetu ilikuwa na 16. Jana usiku nilikuwa peke yangu mle ndani, ndiyo maana kila kitu kilikuwa kitamu.

Tukairudisha work_mem kwenye 4MB. Zile 512 tukampa mtumiaji wa ripoti peke yake, kwa ALTER ROLE, amri ya kubadili mipangilio ya mtumiaji, mstari mmoja tu. Ripoti ikabaki kwenye sekunde zake 40.

Ile karatasi aliiacha mezani kwangu. Nadhani kwa makusudi.