Mama na bahari iliyoondoka

Nimerudi Mbeya juzi kutoka Unguja na mama yangu, mtu wa Tukuyu, mvua na migomba. Bahari alikuwa hajaiona. Basi hadi Dar, kisha boti, mwendo wa kama saa mbili.

Nilichagua Paje, pwani ya mashariki, kwa sababu ya picha. Asubuhi tukatoka na khanga zetu tukaoge, maji hayapo! Yamekupwa mbali kabisa. Niliumia kweli. Mama akaona safu za vijiti na kamba, wanawake wameinama wanavuna mwani, akawafuata pekupeku. Akaushika mwani, akaunusa. "Kumbe nao wana shamba kama sisi." Alikaa nao mpaka maji yakaanza kujaa.

Ukitaka kuogelea saa yoyote, kalale Nungwi au Kendwa, kule kaskazini maji hayakupwi mbali hivyo. Ukienda mashariki, uliza kwanza saa za kujaa na kupwa.

Teksi ni ghali. Nungwi tulikwenda kutembea kwa daladala namba 116. Utingo akamwamkia mama shikamoo, akamtafutia kiti cha mbele.

Mwakani tunarudi Paje. Mama ameahidi kuwapelekea wale wavuna mwani majani ya chai.