Pereira na Mpera wa Uani

Jioni hii nimeketi chini ya mpera wa uani, hapa Mombasa, nikimkumbuka mama mmoja mwenye asili ya Goa, huko India, aliyetufundisha hesabu utotoni. Tulimwita Mwalimu Pereira mbele yake, na nyuma yake tukamwita Bi Mapera. Baada ya siku kadhaa za kulichunguza jina lake, nimeona kwamba utani wetu haukuwa mbali sana na ukweli.

Kwa Kireno, pereira ni mti wa tunda liitwalo pêra, lile ambalo sisi tunaliita pea. Neno hilo la tunda ndilo lililovuka bahari likawa pera letu, ila huku likabandikwa tunda jingine kabisa, lenye asili ya Amerika, ambalo Wareno wenyewe huliita goiaba. Kinachonifurahisha zaidi ni jinsi lugha hizi mbili zinavyootesha miti: sisi tunatanguliza m- na kupata mpera, mtini na mzeituni, ilhali wao hubadili mwisho wa neno, pêra ikazaa pereira na figo, yaani tini, ikazaa figueira. Mzeituni peke yake una mchanganyiko, kwa kuwa mti wanauita oliveira, kwa asili ya Kilatini, lakini tunda lake ni azeitona, kutoka neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi zeituni. Yote matatu, Pereira, Figueira na Oliveira, ni majina ya koo.

Nilidhani ukoo wa Pereira ulianzia kwa mkulima wa mapea. Kumbe majina ya namna hii mara nyingi yalikuwa ya mahali kwanza: kijiji au shamba liliitwa kwa mti wake, na aliyetoka huko, au aliyelimiliki, akajulikana kama “de Pereira”. Hata nembo ya kale ya ukoo huo haina pea hata moja. Ina msalaba wa rangi ya fedha juu ya wekundu.

Wako wanaosisitiza kwamba jina la mti ni alama ya Wayahudi waliolazimishwa kubatizwa nchini Ureno mwaka 1497. Mimi sikubali. Nuno Álvares Pereira, jemadari wa Ureno katika vita vya Aljubarrota vya mwaka 1385, ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 2009, alikuwa na jina hilo zaidi ya karne moja kabla ya ubatizo huo. Waliobatizwa walichukua majina yaliyokuwa yameenea tayari, na anayetaka kujificha hachagui jina la pekee.

Goa nako, iliyotekwa na Wareno mwaka 1510, waliobatizwa walipewa majina ya Kireno, mara nyingi ya padri au ya msimamizi wao wa ubatizo. Kwa hiyo jina la mwalimu wetu halikuhitaji mpea wowote katika nasaba yake. Lakini kwa Kikonkani, lugha ya Goa, pera huitwa per. Siku moja tulimpelekea kikapu cha mapera kwa utukutu. Aliyapokea bila kununa, na wiki iliyofuata akatuletea vipande vyekundu vya halua, akatuambia kwamba kwao huitwa perad.