Nilivyoachana na tomato ya nje kibandani kwangu, na kanzu ya watu niliyoiponza

Sikuiacha tomato ya nje, yaani ile sosi ya nyanya ya chupa, kwa uzalendo. Niliiacha kwa sababu shemeji yangu alinikera.

Nauza chipsi Mtoni Mtongani, Dar es Salaam, pembeni ya Barabara ya Kilwa, huu mwaka wa sita. Naanza tu, shemeji, ambaye aliwahi kufanya kazi hotelini huko mjini, akanikalisha akanipa darasa. "Shemeji, mteja anaanza kula kwa macho. Weka mezani chupa ya nje, ile ya kioo. Ukiweka haya madumu watakuona wa uswahilini." Mtongani ni uswahilini. Sijui alitaka wanione wa Masaki.

Nikamsikiliza. Chupa moja elfu nane, mara elfu kumi, inategemea dola imeamkaje. Wikendi zinakwenda tatu. Mtu kanunua chipsi kavu ya buku jero, anajimwagia tomato mpaka viazi havionekani. Wapo vijana wa bodaboda ambao nina hakika chipsi kwao ilikuwa kijiko tu.

Siku moja umeme umekatika, wateja hakuna, nikaishika ile chupa nikaisoma mgongoni. Mbele ina jina la Kimarekani na majigambo yake. Nyuma, kwa herufi za sisimizi, imeandikwa imetengenezwa Falme za Kiarabu. Sina neno na Waarabu, tende zao nafuturia kila Ramadhani, lakini mimi siku zote nilikuwa nalipia Marekani! Nikamwonyesha shemeji. Akajibu, "Wenzetu wana teknolojia." Basi, hapo ndipo kiburi kiliponipanda. Nikasema nitapika yangu.

Nikaenda sokoni Tandika alfajiri, nikachukua nyanya masalo, zile zilizopondekapondeka, karibu nusu tenga, kwa bei ya kutupa. Mume wangu akaniuliza nina harusi ya nani. Nikachemsha, nikasaga, nikachuja, nikarudisha jikoni. Jamani, nyanya ni maji zaidi ya asilimia 90, na yale maji yote lazima yaondoke kwa mkaa wako. Nilikoroga tangu saa mbili asubuhi hadi jua linazama. Rojo likikaribia kuiva linaruka kama lina chuki na wewe; mkono wangu wa kulia una alama tatu mpaka leo. Nikatia sukari, chumvi, kitunguu saumu, karafuu kidogo, na siki vijiko viwili kwa sababu sikutaka iwe chachu. Kumbukeni hivyo vijiko viwili.

Tamu ilikuwa tamu, wallahi. Nikaiacha ipoe vizuri, nikaijaza kwenye chupa za maji za plastiki nilizozisuuza kwa maji ya bomba, nikakaza vifuniko, nikazipanga juu ya kabati la vyombo. Chupa tisa. Nikalala najiona kiwanda.

Siku ya tatu niliona zimenona. Nikadhani ni joto. Usiku wa siku ya nne, kama saa nane hivi, tukasikia paa! Halafu paa! ya pili. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea, analala sebuleni, akatoka mbio anasema tumevamiwa. Kuwasha taa, jipsam ya dari yote nyekundu, na yeye mwenyewe ana nyekundu kuanzia utosini hadi kwenye kanga. Mume wangu alipomwona mama yake vile akakaa chini, miguu imemwisha nguvu. Mama akajigusa shavu, akaonja kidole, akasema taratibu, "Mwanangu, hii imechacha." Lile doa kwenye jipsam bado lipo. Tumelipaka rangi mara mbili, linarudi.

Baada ya hapo nikakimbilia upande wa pili. Jirani mwenye kibanda akanishauri, "Chukua ya dumu yoyote, za kwetu zote ni moja." Huu nao ni ushauri mbaya, tena mbaya kuliko wa shemeji. Nikachukua dumu la lita tano, bei poa mno, nadhani elfu saba na ushee. Mteja wa kwanza kuionja akaniuliza, "Anti, huu uji umeutia rangi ya nini?" Niliposoma lebo, cha kwanza maji, cha pili sukari, cha tatu wanga. Nyanya ilikuwa huko mkiani pamoja na rangi. Kwenye lebo vitu hupangwa kwa wingi, kinachoanza ndicho kilichojaa humo ndani. Mimi nilikuwa nasoma tarehe ya mwisho tu.

Kuna mwingine alinifundisha nitazame namba za mistari myeusi, zikianza na 620 basi ni ya nyumbani. Ni kweli 620 ni ya Tanzania, kama 616 ilivyo ya Kenya. Lakini inakuambia kampuni ilijiandikisha wapi, haikuambii nyanya ililimwa wapi. Kuna viwanda vya kwetu vinavyonunua rojo lililokwisha kupikwa nje, likaja kwenye mapipa. Mimi hilo halininyimi usingizi, ila usije ukatamba mbele za watu kuwa unakula nyanya ya Ilula kumbe ni ya China.

Mkombozi wangu alikuwa Sabasaba, yale maonyesho ya biashara. Sisi wa Temeke uwanja uko hapo jirani, lakini miaka yote nilikuwa naenda kushangaa majokofu na kununua mabeseni. Mwaka ule nikanyoosha moja kwa moja hadi kwa wajasiriamali wa SIDO, lile shirika la viwanda vidogo. Pale unaonjeshwa bure, sosi inapakwa kwenye kipande cha biskuti, na mwenye mali amesimama mbele yako. Niliionja yote. Nilizunguka meza moja mara tatu hadi binti wa pale akaniuliza kama nimekula mchana.

Baba mmoja wa Iringa nilimsimulia habari za mama mkwe. Alicheka akashika meza. Kisha akachukua kikaratasi chembamba cha kupimia uchachu, akakichovya kwenye sosi yake, kikageuka rangi, akakilinganisha na kadi yenye namba. "Unaona? Iko chini ya 4. Namba ikishuka, uchachu umepanda, na wadudu hawautaki. Wewe siki vijiko viwili kwa ndoo ya nyanya, wadudu walikuwa wanakushukuru." Akaniambia chupa inachemshwa, sosi inatiwa ikiwa ya moto inaunguza, inafunikwa papo hapo, na chupa inalazwa kichwa chini ili moto uguse na kifuniko. Mimi nilitia iliyopoa kwenye chupa mbichi. Yaani nilitengeneza pombe.

Nikarudi na chupa sita za watu mbalimbali, na nyingine mbili nikapitia dukani, Dabaga ya Iringa na Red Gold, maana hizo ziko kila mahali na nilikuwa nazipita kila siku kama sizioni. Usiku nikafanya mtihani wangu. Kijiko kimoja kimoja kwenye sahani nyeupe, nangoja dakika tano. Inayojizungushia maji pembeni, toa. Halafu nadondosha juu ya chipsi ya moto. Ikiteleza yote ikaenda kukaa chini ya sahani, toa. Mwisho wanangu wanaonja wamefumba macho. Mdogo alichagua ya nje mara moja tu, na mara hiyo alikuwa ameshiba.

Zilibaki mbili. Moja ndiyo naitumia hadi leo, dumu la lita tano ni elfu kumi na kitu, linanipeleka wiki nzima. Siitaji, mtaniuliza nimelipwa ngapi.

Sasa kuhusu wateja. Shemeji alisema watakimbia. Nikaona nifanye ujanja, Mungu anisamehe: ile chupa ya kioo ya nje sikuitupa. Niliichemsha, nikaijaza ya kwetu, nikairudisha mezani palepale. Wiki mbili! Hakuna aliyekohoa. Kuna ankal mmoja wa bandarini, mteja wangu tangu mwaka wa kwanza, akawa anawaambia wageni wake, "Njooni kwa huyu mama, haweki takataka za dumu, anaweka ya nje." Mimi huku nageuza mishikaki, nacheka na moshi.

Ila ya nje ni nzito. Ile chupa, ukitaka itoke, lazima uigeuze na kuipiga kofi matakoni, na wateja wangu wote walishazoea kofi. Ya kwetu inashuka yenyewe kistaarabu. Ijumaa moja ankal katoka msikitini, kanzu nyeupe inang'aa, kakaa na zege lake, chipsi mayai, na mishikaki miwili. Kageuza chupa. Kainua mkono. Nilimwona kutoka jikoni, nikafungua mdomo niseme "ankal, taratibu," sauti ikagoma. Kofi moja tu. Tomato ikatoka yote kama imeitwa, ikavuka sahani, ikatua kifuani na kumwagika hadi magotini.

Kibanda kizima kimya. Akaitazama chupa, akanitazama. "Mama chipsi. Hii siyo ile."

Nikakiri yote. Nililipa dobi, nikamwekea chakula bure Ijumaa mbili, na kanzu haikurudi weupe wake. Lakini alichoniuliza, sosi bado inamtiririka, ni, "Sasa hii inauzwa wapi?" Siku hiyohiyo nikatoa chupa ya kioo, nikaweka ya kwetu na lebo yake wazi. Wateja walioondoka ni wawili, na mmoja alikuwa ana deni langu.

Pilipili sasa, hapo hata shemeji hana la kusema. Nilikuwa naweka ile ya nje nyembamba, kali ya siki tupu. Siku hizi naletewa na bibi mmoja wa Tanga anayekaa nyuma ya kibanda: pilipili mbuzi, embe bichi, saumu, chumvi na ukwaju, amesaga kwa mkono unaiona mbegu. Nilimsukuma aende SIDO wampeleke TBS, wale wa viwango, apate alama ya ubora, maana wadogo wakipitia huko serikali huwasaidia gharama miaka ya mwanzo. Kilichomsumbua ni jiko. Hawataki upikie biashara panapopikwa ugali wa nyumbani, na ametumia miezi kutenga kichumba uani. Watu wanakuja na vikopo vyao kununua pilipili peke yake, bila chipsi. Jambo hilo linaniuma kidogo.

Ankal bado anakuja. Ijumaa, kabla hajakaa, anachukua kitambaa changu cha kufutia meza anakifunga shingoni kama mtoto anayelishwa, ndipo anaomba tomato.