Baiskeli ya injini: hedi kwanza, sailensa itangoja

Imepanda. Kile kilima cha kutoka kwenye feri upande wa Likoni, hapa Mombasa, mimi juu na mkoba wa spana mgongoni, na sikugusa pedali. Injini ni ileile ya 47 kwa 38 (kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni, kwa milimita), ile inayouzwa kwa jina la 80 ilhali ukipiga hesabu unapata cc 66. Kabureta ileile, sailensa ileile iliyokuja nayo. Kilichobadilika ni hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, na nataka kueleza kwa nini nimeanzia hapo wakati karibu kila ninayeongea naye aliniambia nianze na sailensa.

Sailensa yenye tumbo, ile waliyotaka niibadilishe, ni kitu kizuri, sibishi. Wimbi la moshi likigonga ile koni ya nyuma hurudi na kuisukuma ndani petroli mbichi iliyokuwa ishatoroka. Lakini wimbi lazima lifike kabla pistoni haijaziba tundu la moshi, kwa hivyo urefu wa bomba ndio unaoamua injini iamke kwenye mizunguko mingapi, na nyingi za kununua huamka juu. Nina sproketi ya meno 44 nyuma na 10 mbele, tairi la inchi 26. Ukihesabu na meno ya ndani ya injini, mizunguko 5,000 kwa dakika inanipa kama kilomita 34 kwa saa. Mizunguko 8,000 ni 55. Kilomita 55 juu ya breki za baiskeli, kwenye Barabara ya Digo, tuktuk iliyo mbele yako ikisimama popote abiria alipopunga mkono? Siitaki. Shida yangu iko chini kabisa: kuondoka pale ulipo, katikati ya mikokoteni na watu wanaoshuka feri, ukiwa na gia moja tu. Kwa sababu hiyohiyo nimeikataa sproketi ya nyuma ya meno 36, inayoongeza mwendo na kupunguza nguvu ya kuondoka, japo inauzwa kwa bei nafuu.

Sasa hedi. Nilipima nafasi kati ya ukingo wa pistoni na hedi kwa waya laini wa kulehemu, vipande viwili, kimoja kila upande kwa kufuata mstari wa pini inayoshika pistoni, ili pistoni isiyumbe wakati wa kupima. Milimita 1.8 pande zote mbili. Hiyo ni nafasi kubwa mno. Petroli inayokaa pale pembeni haisukumwi katikati kwenye plagi, inaungua kwa kuchelewa au inatoka bure. Nilikuwa naitaka 1.0. Chini ya hapo naogopa, maana beringi za hizi injini zina uchezaji wake na mkono wa pistoni hurefuka kidogo injini ikikazana.

Kuna njia mbili za kuishusha, na hapa ndipo nilipokosa usingizi. Rahisi kuliko zote ni kuishusha silinda yenyewe: toa gasketi ya chini, weka nyembamba, chonga kidogo. Ukishusha silinda, tundu la moshi nalo linashuka, linafunguka kwa kuchelewa, na moto unapata muda zaidi wa kuisukuma pistoni. Nguvu ya chini inaongezeka, ndiyo niliyokuwa naitafuta. Ila tundu la kuingizia nalo linashuka. Kwenye injini hii mlango wa petroli ni pindo la chini la pistoni, hakuna vali. Tundu likishuka, pindo linaliacha wazi mapema zaidi na kulifunga kwa kuchelewa zaidi, na kwenye mizunguko midogo pistoni ikishuka inairudisha petroli ilikotoka. Yangu tayari ilikuwa inatema. Filta ya hewa ilikuwa mbichi kila nikifungua, na goti la kulia lanuka petroli. Kuishusha silinda kungenipa kwa mkono mmoja na kuninyang'anya kwa mwingine. Nimechora mizunguko hiyo kwenye karatasi usiku kucha na jibu linabaki lilelile: usiguse silinda, chonga hedi.

Ukingo wa hedi yangu umezama ndani kuliko uso unaokalia gasketi, kwa hivyo ukipunguza ule uso wa nje peke yake, ukingo unaikaribia pistoni. Kama hedi yako ukingo uko sawasawa na uso, kuchonga uso hakutakusaidia chochote, pima kwanza. Nilimpelekea fundi wa lethi, mashine ya kuchongea chuma, kule Majengo, mzee mtaratibu, nikamwambia atoe 0.8. Akaigeuzageuza akaniuliza, "Mwanangu, una hakika? Chuma ukishakitoa hakirudi." Nikamwomba, mzee wangu, atoe 0.6 halafu tupime pamoja. Tukapima, tukamalizia. Nilipofika nyumbani nikaisugua juu ya kioo kwa msasa wa maji mpaka rangi ya kalamu niliyoupaka uso ikaondoka kote kwa usawa, nikakaza nati kwa msalaba, kidogo kidogo. Waya ukasema 1.0. Nilifurahi mpaka nikamwita jirani aje aone.

Ule uso ukishuka 0.8, chumba cha moto kinapungua kama cc 1.4. Kwa injini ndogo hivi hiyo si kitu kidogo, unaisikia mguuni unapokanyaga kuiwasha. Joto nalo limepanda, kwa hivyo nimepandisha plagi kutoka NGK B6HS hadi B7HS, ambayo ni baridi zaidi.

Kuhusu vifaa, neno moja: venia, kile kipimo cha milimita, iwe ya mkono, ya chuma, bila betri. Ya kidijitali niliyokuwa nayo haikuhimili hewa ya chumvi, namba zinarukaruka. Na oili. Hapa kwetu oili ya tu-stroki, ile ya kuchanganya na petroli, rahisi kupata ni ya mashine za boti, yenye maandishi TC-W3. Hiyo imetengenezewa injini inayopozwa na maji ya bahari. Yetu inapozwa na upepo, inawaka joto zaidi, tafuta iliyoandikwa JASO FC au FD, hata kama itabidi uzunguke maduka ya misumeno ya miti. Na wenzetu wa Nairobi wakikupa namba ya jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, usiichukue kama ilivyo. Kule shinikizo la hewa ni kama asilimia 83 ya la huku pwani. Jeti iliyowatosha wao, hapa itaikausha injini kwa petroli haba, na plagi itatoka nyeupe.

Hatua iliyokuwa inafuata ni vali ya ulimi, kibati chembamba kinachoruhusu petroli kuingia na kuizuia isirudi nyuma. Inataka kukata dirisha kwenye pindo la pistoni, na pistoni ya akiba ninayo. Lakini sasa hedi imetulia, kuna kitu kingine kimejitokeza: ikifika kama kilomita 30 injini inajikwaa, inakohoa, kisha inapita. Ni mahali palepale usukani unapotetemeka zaidi. Nadhani petroli inatoka povu ndani ya bakuli la kabureta. Kabureta imeshikwa na bomba la chuma moja kwa moja kwenye silinda, inapokea kila mtikisiko.

Kwa hivyo vali imewekwa kando. Bomba nimeshalikata vipande viwili kwa msumeno wa chuma na kulainisha kingo kwa tupa. Katikati litakaa mpira. Mpira wa rejeta haufai, petroli itauvimbisha. Nautaka ule unaopanda sambamba na bomba la kujazia mafuta kwenye gari, mwembamba, wa kutolea hewa tangini, wenye kipenyo cha ndani cha milimita 19 hivi. Jumamosi nashuka kwa wauza spea za mitumba na kipande cha bomba mfukoni, nipimie hapohapo.